Mnara wa simu umejengwa, nyuki wamehama: ni mionzi au tunaisingizia?

Mlinaasali_Sikonge
Wakuu salaam. Nina mizinga pembezoni mwa msitu huku Sikonge, mingi ya magome na michache ya masanduku. Mwaka jana kampuni moja ya simu ilisimamisha mnara karibu na eneo letu. Tangu uwashwe, mizinga ya upande ule haikai nyuki. Wanaingia, wanajenga masega kidogo, wanaondoka, nondo wanabaki kula nta. Mizinga iliyo ng'ambo ya kijito, mbali na mnara, ina makundi na tumelina kama kawaida.

Mzee wangu ana jibu moja tu: mionzi. Vijana wa kampuni walipokuja walisema mnara haumdhuru kiumbe yeyote. Kwangu kauli zote mbili zimetolewa haraka mno. Naomba mwenye kujua: upo utafiti wa kweli uliofanywa kwa wanyama, achana na sauti za kusambazwa WhatsApp, kuhusu mawimbi ya redio yanawafanya nini nyuki, ndege au mifugo? Karibuni kwa hoja.

Mama_Mizinga
Pole mdogo wangu. Kabla hujaenda kwenye mnara, nijibu kwanza. Wanaondoka mwezi gani? Kijito kinakauka lini? Siafu umewaona? Nyuki wetu hawa hawana subira kama wale wa Ulaya. Maua yakiisha, maji yakipungua, nyegere akibomoa mzinga mmoja, au ukilina ukawamalizia masega yote, kundi zima linabeba malkia linasepa. Manyoni nimewahi kuachiwa mstari mzima wa mizinga na hakuna mnara hata wa kuonekana kwa mbali.

Mzalendo_wa_Nyuki
Mleta mada usizungushwe. Ni mionzi. Mwaka 2007 iliandikwa wazi kwenye magazeti ya Uingereza kwamba simu ndizo zilizofanya nyuki wa Marekani watoweke, na wataalamu wa Ujerumani walishathibitisha. Nyuki hutoka mzingani wakashindwa kurudi. Kampuni zina hela, lazima zikanushe.

Kipima_Mawimbi
Mzalendo, hiyo habari naijua na haikuwa hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Koblenz-Landau, Ujerumani, Jochen Kuhn na Hermann Stever, waliweka kituo cha simu ya mezani isiyo na waya, ile ya nyumbani, ndani ya mzinga chini ya fremu. Wakaona baadhi ya nyuki wanachelewa kurudi. Jaribio lilikuwa dogo, tena halikuhusu minara wala simu za mkononi. Gazeti la The Independent likaliunganisha na kutoweka kwa makundi Marekani, na watafiti wenyewe wakasema hawakuwahi kudai hivyo. Kutoweka kule kulihusishwa zaidi na utitiri wa Varroa, virusi, sumu za mashambani na lishe duni.

Nyuma zaidi, mwaka 1981, Wamarekani Gary na Westerdahl waliwapiga nyuki kwa mawimbi ya megahezi 2450, kisha wakawaachia waruke kurudi nyumbani. Hawakuona tofauti kwenye kuruka wala kutafuta njia. Sababu ya kufanya jaribio hilo ni kwamba kulikuwa na mpango wa kuteremsha umeme wa jua kutoka angani kwa mawimbi, wakataka kujua nyuki wakipita katikati yake itakuwaje.

Mzalendo_wa_Nyuki
Sawa, na yule Mswisi Daniel Favre, 2011? Aliweka simu kwenye mzinga, zikiwa zinapigiana nyuki wakaanza kupiga mlio ule wanaopiga wakitaka kuhama. Simu zikizimwa, kimya. Hilo nalo ni gazeti?

Kipima_Mawimbi
Hilo ni utafiti, nakubali, na mlio aliurekodi. Ila endelea kusoma: kundi halikuhama. Pia simu ilikuwa imegusana na masega, na nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mara kumi mbali, nguvu inabaki moja ya mia. Sentimita chache kutoka kwenye simu inayopiga, na mita 200 kutoka kwenye mnara, ni vitu viwili tofauti kabisa. Mnara wa kawaida vijijini, ukisimama mita 100 katikati ya mhimili wa antena (njia ambayo antena inaelekeza mawimbi), unapata volti moja au mbili kwa mita. Kikomo cha kimataifa kwa watu ni volti 41 kwa mita kwenye megahezi 900.

Mlinaasali_Sikonge
Asanteni. @Mama_Mizinga, wanaondoka kiangazi na hata masika, ndiyo maana nimeshtuka. Siafu wapo siku zote, miguu ya vichanja tunaipaka oili chafu.

Fundi_wa_Minara
Nimepanda minara kwa miaka, Shinyanga, Tabora mpaka Katavi. Niwaambie kitu ambacho hakipo kwenye tafiti zenu: nyuki wanaupenda mnara! Wanaingia kwenye makabati ya vifaa chini, wanaingia kwenye bomba za nguzo, na mara nyingine nimewakuta juu kabisa wamejibanza nyuma ya antena. Fundi wa minara akikwambia hajawahi kukimbizwa na nyuki, hajapanda mingi. Tunatafuta mrina asali aje kuwatoa ndipo tuendelee na kazi. Sasa kama mionzi inawafukuza, wanafuata nini kule?

Mama_Mizinga
Fundi umeniamsha. Wewe ndiye mlinaji wa juu kuliko wote humu ndani, unalina bila chambo!

Mzalendo_wa_Nyuki
@Fundi_wa_Minara nyuma ya antena mawimbi ni machache, na chini kwenye kabati vilevile. Mhimili unakwenda mbele. Hoja yako inanisaidia mimi.

Fundi_wa_Minara
Hapo umesema jambo la maana, sibishi. Antena hutazama upeo wa macho, imeinama kidogo tu. Chini ya mnara penyewe ni pachache kuliko mita mia kadhaa mbele. Ndiyo maana namuuliza mleta mada: mizinga iliyokimbiwa iko chini ya mnara au iko mbele ya antena? Minara mingi ina antena tatu, kila moja na upande wake. Katikati ya pande hizo kuna sehemu dhaifu. Kama ni mionzi, mizinga ya sehemu dhaifu ingebaki na nyuki.

Mfugaji_Nyandarua
Mimi ni wa Kenya, Nyandarua, nafuga ng'ombe wa maziwa. Mnara ulipowekwa kwa jirani, ng'ombe wangu walianza kukataa maji. Wanakaribia karai la chuma, wanagusa kwa mdomo, wanaruka nyuma. Maziwa yakashuka. Kijiji chote kikasema ni mnara, hata mimi. Mtoto wa dada yangu ambaye ni fundi umeme akaja na mita yake, akapima kati ya karai na ardhi akakuta volti. Kidogo, mtu mwenye viatu hasikii, lakini ng'ombe ana miguu minne kwenye tope na ulimi kwenye chuma. Waya wa ardhi wa zizi langu ulikuwa umekatika. Tulipourekebisha wakanywa siku ileile. Mnara ungali pale.

DaktariMifugo_Moro
Mfugaji, umeeleza jambo ambalo madaktari wa mifugo wengi hawaulizii. Umeme unaovuja kwenye zizi umewatesa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Marekani na Ulaya miongo mingi, na dalili ni hizohizo: kukataa maji, kusitasita kuingia sehemu ya kukamulia, maziwa kubaki kwenye kiwele. Halafu angalia: mnara unaleta umeme mkubwa mpya, transfoma, waya za ardhi. Kwa hiyo mnara *unaweza* kuhusika bila mionzi kuhusika.

Lakini nisiegemee upande mmoja. Uswisi kuna utafiti wa 2009 wa Michael Hässig na wenzake. Walichunguza macho ya ndama 253 na karibu theluthi moja walikuwa na ukungu kwenye mboni kwa kiwango fulani, wenye hali mbaya wakiwa asilimia 3.6. Wakaona uhusiano na minara iliyokuwa karibu wakati mama ana mimba changa. Uhusiano tu, maana ndama hupata ukungu wa macho pia kwa virusi na kwa upungufu wa lishe. Lakini daktari akiona hivyo haupuuzi, anauliza zaidi.

Mwongoza_Ndege_Lushoto
Nimeusoma uzi wote. Mmekaa kwenye nyuki na ng'ombe mkaruka ushahidi ulio imara kuliko wote, wa ndege.

Ndege wanaosafiri usiku kutoka Ulaya wana dira ndani ya mwili inayosoma sumaku ya dunia. Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, kikundi cha Henrik Mouritsen kilikuwa kinawapima robini wa Ulaya ndani ya vibanda vya mbao. Majira ya safari yakifika, ndege huyu hata akiwa kwenye kizimba huelekea upande anaotakiwa kwenda. Pale Oldenburg hawakuelekea popote. Kwa miaka wakabadili chakula, taa, vizimba, hakuna kitu. Mpaka walipofunika vibanda kwa mabati ya alumini na kuyaunganisha na ardhi. Ndege wakashika njia. Wakiondoa waya wa ardhi, ndege wanapotea tena. Wakiwapeleka nje ya mji, mbali na mitambo, wanashika njia bila bati lolote. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2014. Waliokuwa wanawapima ndege, mara nyingine, hawakujua kama siku hiyo bati limeunganishwa ama la.

Miaka kumi kabla yake, 2004, Thorsten Ritz na akina Wiltschko walishaonyesha kwamba wimbi dhaifu la megahezi chache linatosha kuivuruga dira hiyo. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko sumaku ya dunia yenyewe mara nyingi sana. Yaani hapa hakuna joto. Hakuna aliyepikwa. Ndege amepotezwa njia na kelele asiyoisikia.

Mzalendo_wa_Nyuki
ASANTE. Uzi ufungwe.

Kipima_Mawimbi
Usifungwe bado. Mwongoza, taja masafa yenyewe, yaani mawimbi hayo ni ya megahezi ngapi.

Mwongoza_Ndege_Lushoto
Nilikuwa nakuja huko. Kelele ya Oldenburg ilikuwa kati ya kilohezi 50 na megahezi 5. Hiyo ni kanda ya redio za AM na kelele inayotoka kwenye vifaa vya umeme vya kawaida. Simu kwa kawaida huanza megahezi 700 kwenda juu. Kisha kikundi hichohicho kikatafuta mpaka wa juu. Wakatumia ndege mdogo mwenye kofia nyeusi kichwani, huyu anakuja hadi milima ya kwetu huku wakati wa baridi ya Ulaya, nimemwona Usambara. Kwenye megahezi 75 hadi 85 dira yake ilivurugika. Kwenye 140 hadi 150, na 235 hadi 245, aliendelea kushika njia kama kawaida. Inaendana na nadharia kwamba dira iko machoni, kwenye protini iitwayo kriptokromu, ambapo mwanga wa buluu unazaa jozi za elektroni zenye kuhisi sumaku. Kemia hiyo ina kikomo cha masafa inayoweza kuyasikia.

Kipima_Mawimbi
Ndiyo hivyo. Ushahidi bora kuliko wote tulionao unasema mawimbi ya simu hayamo, ila redio za zamani za AM na mashine za umeme zimo. Mtu akitaka kuwalinda mbayuwayu aanzie kwenye vigeuza umeme vibovu kabla ya mnara.

Mzalendo_wa_Nyuki
Na mnara hauna vigeuza umeme? Hauna chaja, hauna betri, hauna jenereta? Hivyo vyote havitoi kelele ya kilohezi?

Fundi_wa_Minara
Vinatoa. Hapo amekubana mkuu. Rektifaya (kigeuza umeme cha mnara) mbovu ukiisogelea na redio ndogo ya AM unasikia inavyokoroma.

Kipima_Mawimbi
Vinatoa, lakini mita kumi mbali inakuwa imefifia. Hata hivyo hoja yake nimeipokea. Ingepimwa.

Bi_Msumi
Jamani na shomoro? Nilisoma Ubelgiji walihesabu shomoro madume sehemu nyingi wakakuta penye mawimbi makali ni wachache. Na Hispania korongo wanaojenga karibu na mnara wanazaa vifaranga vichache. Hao korongo si ndio wanaokuja Serengeti?

Mwongoza_Ndege_Lushoto
Dada Bi_Msumi, utafiti wa Ubelgiji upo, Everaert na Bauwens, 2007, sehemu 150 hivi. Wa korongo ni wa Alfonso Balmori, Valladolid, 2005: viota vilivyo ndani ya mita 200 vilikuwa na vifaranga karibu nusu ya vile vilivyo zaidi ya mita 300. Ila korongo weupe wa Hispania wanaohama hushukia zaidi Afrika Magharibi. Wanaotufikia Serengeti wanatoka Ulaya Mashariki.

Shida ya tafiti za namna hii ni kwamba mnara haujengwi popote tu. Unajengwa penye watu, magari, paa za mabati, paka. Shomoro wa mjini wana sababu nyingine nyingi za kupungua, wadudu wa kulisha vifaranga wakiwamo.

Kijana_wa_Kariakoo
Na kunguru wa Dar mnamweka wapi? Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, leo anazaa kwenye kila mnara wa mji huu, analea watoto wake palepale, na anaongezeka. Kama mionzi inaua ndege naomba ianze na yeye.

Bi_Msumi
😂 Kariakoo mna kesi yenu binafsi na kunguru.

Mpemba_Halisi
Assalaam alaykum. Mie nataka kusema la popo. Kwetu Pemba wapo popo wakubwa hawapatikani pahala pengine duniani. Watu wa mji husema minara itawamaliza. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa washakaribia kwisha, wamebaki wachache tu, na simu ya mkononi haikuwapo kisiwani. Alowamaliza ni binadamu kwa kuwinda na kukata miti. Watu wa vijiji walipounda vikundi vya kuwalinda, kama hapo Kidike, wakarudi kwa maelfu kwa maelfu, na minara ndio kwanza inaota kila mahala. Sisemi minara ni dawa yao. Nasema alowauwa tunamjua.

DaktariMifugo_Moro
Hoja nzuri ami. Niongeze tu kwamba popo wa Pemba hula matunda na huona kwa macho, si wa kutumia mwangwi. Wale wadogo wanaokula wadudu, Nicholls na Racey wa Aberdeen, Uskochi, waliwachunguza karibu na rada za viwanja vya ndege na vituo vya hali ya hewa, 2007. Penye mawimbi ya zaidi ya volti 2 kwa mita shughuli za popo zilishuka. Baadaye wakaweka rada ndogo ya kubebeka, wakaiwasha na kuizima, na popo wakapungua ikiwa imewashwa na mhimili umetulia sehemu moja. Hilo ni jaribio la kuwasha na kuzima, sio kuhesabu tu. Na rada hutoa mapigo mafupi yenye nguvu. Mapigo ya namna hiyo yakipiga kichwa husababisha mtanuko mdogo wa joto ambao sikio linausikia kama mlio. Allan Frey aliliandika hilo mwaka 1962 kwa watu. Huenda popo wanasikia rada.

Ndugu_Msambazaji
Uholanzi ndege zaidi ya 300 walidondoka bustanini The Hague siku walipowasha 5G. Video ninayo.

Kijana_wa_Kariakoo
Bro hiyo video futa. Jaribio la 5G pale lilifanyika siku moja mwezi Juni 2018. Kwezi wale walidondoka Oktoba na Novemba. Miezi minne mawimbi yalikuwa yamekaa wapi, yakisubiri nauli?

Ndugu_Msambazaji
Inawezekana walificha jaribio jingine.

Kipima_Mawimbi
Na karibu wote waliodondoka walikuwa kwezi, si ndege wa kila aina. Tuendelee.

Mwanafunzi_SUA
Shikamooni wakubwa. Hakuna aliyegusa panya, na ndipo pesa nyingi ilipoenda. Programu ya Taifa ya Sumu ya Marekani, NTP, ilitoa ripoti 2018. Panya walikaa kwenye mawimbi ya simu saa 9 kwa siku, dakika 10 yamewashwa na 10 yamezimwa, kwa miaka miwili, mwili mzima. Madume wakapata uvimbe wa saratani kwenye neva za moyo, na NTP ikauita "ushahidi wa wazi". Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, nayo ilitumia panya 2448, kwa nguvu ndogo zaidi, mpaka volti 50 kwa mita, saa 19 kwa siku. Madume wa kundi la juu wakapata uvimbe wa aina ileile.

DaktariMifugo_Moro
Marahaba kijana. Maliza basi: panya wa NTP waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa. Majike hawakuonyesha jambo la wazi, na panya wadogo wa aina nyingine nao hivyo. Dozi ya chini kabisa ilikuwa wati 1.5 kwa kila kilo ya mwili mzima. Kikomo cha mwili mzima kwa raia ni 0.08.

Mwanafunzi_SUA
Ndiyo daktari, ila panya wa Bologna walikuwa karibu na kikomo kinachoruhusiwa, volti 50 dhidi ya 58 kwenye megahezi 1800. Na uvimbe uleule, kwenye kiungo kilekile, jinsia ileile, nchi mbili. Mimi hapo siwezi kusema "hakuna kitu".

Mama_Mizinga
Kijana ana hoja. Lakini 0.08 imetoka wapi? Nani aliipanga?

Kipima_Mawimbi
Imetoka kwa wanyama, mama. Miaka ya 1970 na 1980 walifundisha panya na nyani kubonyeza kitufe wapate chakula, kisha wakawapiga mawimbi. Kwenye wati 4 hivi kwa kilo mnyama anaacha kubonyeza, na mwili umepanda joto takriban nyuzi moja. Wakagawa kwa 10 kwa wafanyakazi, kwa 50 kwa raia. Kwa hiyo kikomo chote kimejengwa juu ya joto, na juu ya wanyama wenye ukubwa wa panya na nyani. Hakuna aliyemuuliza nyuki.

Mzalendo_wa_Nyuki
Umeniondolea maneno mdomoni!

Kipima_Mawimbi
Sijakataa swali lako, nimekataa jibu lako. Tena nikuongezee: Arno Thielens na wenzake mwaka 2018 walipiga hesabu za wadudu, nyuki akiwamo, kwa kutumia maumbo yao halisi ya kompyuta. Mdudu hunyonya zaidi urefu wa wimbi unapokaribia urefu wa mwili wake. Wimbi la megahezi 900 lina sentimita 33, linampita nyuki karibu bila kumwona. Wimbi la gigahezi 30 lina sentimita moja, na hilo linamfaa sawasawa. Wakasema asilimia 10 tu ya nguvu ikihamia juu ya gigahezi 6, kinachonyonywa na mdudu kinapanda kwa asilimia 3 hadi 370, kutegemea mdudu. Ni hesabu ya unyonyaji, si ya madhara. Na mnara wa Sikonge hauko kwenye gigahezi hizo.

Askari_Pori
Nimefanya kazi kwenye ufungaji wa kola za tembo. Iain Douglas-Hamilton alianza kuwafunga tembo redio pale Manyara miaka ya 1960. Tembo anavaa kifaa cha redio shingoni kwa miaka, anazaa, anaongoza familia yake. Kifaa kinatuma kwa sekunde chache tu na nguvu ni ndogo, kwa hiyo sidai kinathibitisha lolote. Ila kilichowadhuru wanyama wengine ni uzito wa kola na mkanda uliobana. Watu hawaulizi mkanda, wanauliza mionzi.

Mwongoza_Ndege_Lushoto
Na taa! Nashangaa tumefika hapa bila taa. Longcore na wenzake, 2012, walikadiria ndege milioni 6.8 wanakufa kila mwaka Marekani na Kanada kwa kugonga minara ya mawasiliano na waya zake. Wanavutwa na taa nyekundu zisizozima, usiku wa ukungu wanazunguka mpaka wanagonga. Walipojaribu taa za kumwekameka huko Michigan, vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hapa mnara unaua kweli, kwa idadi iliyokadiriwa, na tiba yake ni kubadili balbu. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu watu wako tayari kugombana mwaka mzima juu ya mawimbi wasiyoyapima, na taa wanaiona kwa macho yao kila usiku.

Mlinaasali_Sikonge
Nimefuatilia kila mmoja wenu. @Fundi_wa_Minara nilienda kuangalia. Mizinga iliyohamwa iko pande zote, mingine nyuma ya antena. Nyongeza: mnara hauna umeme wa gridi, jenereta inanguruma karibu usiku wote, upepo wa kiangazi unaleta moshi wake kwetu. Wakati wa ujenzi walifyeka kipande kikubwa, miti ya mitundu iliondoka. Na mlinzi ana taa kubwa.

Mama_Mizinga
Moshi wa dizeli usiku kucha! Mdogo wangu, sisi tunatumia moshi dakika chache kuwatuliza wakati wa kulina. Nyuki akisikia moshi anashiba asali tayari kwa kukimbia moto. Wape moshi kila usiku, wakae wakingoje nini? Na mtundu ndio ugali wao.

Mzalendo_wa_Nyuki
Lakini hujaondoa mionzi, mama. Umeongeza washukiwa tu.

DaktariMifugo_Moro
Yuko sahihi. Umefungua mizinga ukatafuta utitiri? Varroa iko Kenya na Tanzania tangu ilipogunduliwa 2009, ingawa nyuki wetu wanaivumilia kuliko wa Ulaya.

Mwanafunzi_SUA
Fanya kama Oldenburg. Nusu ya mizinga ya upande wa mnara ifunike kwa wavu wa kuku wa chuma wenye tundu la inchi moja, chini na juu, ukaunganishwe na chuma kilichozikwa ardhini. Mawimbi ya mnara wako ni marefu kuliko tundu mara nyingi, hayapiti kirahisi, nyuki anapita. Nusu nyingine ifunike kwa wavu wa nailoni wenye tundu hilohilo. Moshi, kelele, taa na maua vinabaki sawa kwa wote. Chagua kwa kura mzinga upi upate upi, usichague mwenyewe.

Kipima_Mawimbi
Nimeipenda. Kasoro ni kwamba nyuki akitoka kutafuta maua anapigwa kama kawaida. Jaribio litajibu kuhusu viluwiluwi, malkia na maisha ya mzingani, basi. Richard na Franziska Odemer, Ujerumani, 2019, waliona mawimbi ya simu yakipunguza malkia wanaoanguliwa, ila walioanguliwa walipandana vizuri tu. Kwa hiyo mzingani ndipo pa kuangalia.

Mzalendo_wa_Nyuki
Na anayehesabu asijue wavu upi ni upi. Mzee wake asihesabu, wala mtu wa kampuni.

Mama_Mizinga
Wavu wa chuma juani unapata moto, utawaunguza. Weka kivuli cha makuti juu ya yote, ya chuma na ya nailoni. Na acha mlango wazi vya kutosha, dume ni mnene.

Fundi_wa_Minara
Andika na saa jenereta inapowashwa na kuzimwa, mlinzi anayo daftari. Kabla ya wavu waombe TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, waje wapime, wana vifaa vya mionzi ya minara. Omba kwa barua kupitia serikali ya kijiji, taja namba iliyoandikwa kwenye geti la mnara.

Mlinaasali_Sikonge
Geti nimelipiga picha. Wavu wa kuku hapa dukani upo wa inchi moja na nusu tu. Unafaa au nisubiri gari la Tabora?

Kipima_Mawimbi
Unafaa. Ila pande zote ziguse chuma kwa chuma, usiache ufa hata kwenye kona.